Koti la Asumini

Nawasikia mnavyocheka mkipita. Mwezi wa sita ukiingia, ukungu ukianza kushuka kutoka milima ya Matogoro mpaka kwenye mabati yetu hapa Songea, mnaona barazani kwangu chungu cha maua kimevaa koti la kijivu la kike, vifungo vikubwa, mikono imefungwa kwa mbele kama mtu aliyejikunyata. "Bibi Skola kazeeka," mnasema. "Anavalisha maua." Chekeni tu, wanangu. Lakini baadhi yenu siku hizi mnauza miche kando ya barabara, na kila kipupwe nawaona mmesimama mbele ya vyungu vyenu vilivyokauka mkimlaumu Mungu. Basi leo nitawaambia koti hili lilipotoka. Sogezeni viti juani. Mimi sina haraka, na baridi ya leo nayo haina haraka.

Nilianza kazi ya miche nikiwa msichana, kwenye kitalu cha serikali. Aliyenifundisha ni Mzee Kapinga, Mmatengo wa milima ya Mbinga, mtu mfupi, mkimya, aliyezungumza na miche zaidi kuliko binadamu. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu ulilipata mchana, na wakati mwingine keshokutwa, mkiwa mnafanya jambo jingine kabisa. Umeinama unapalilia, unasikia nyuma yako, "Ni miguu." Unageuka, "Miguu gani, mzee?" Naye ameshaondoka na ndoo yake. Nilichelewa kutambua kwamba hilo lilikuwa jibu la swali langu la juzi yake, nilipouliza kwa nini mche ulio ardhini unavuka kipupwe salama, na ndugu yake aliye kwenye kopo anakufa.

Ni miguu. Mti ulio ardhini umefunikwa miguu kwa blanketi la dunia nzima. Ulio kwenye kopo, baridi inaugonga ubavuni, pande zote, usiku kucha, na hauna pa kukunja mguu. Watu huhangaika na majani kwa sababu ndiyo wanayoyaona. Mzee Kapinga alihangaika na kopo.

Kwao milimani hulima kwa ngolo. Hukata nyasi wakazilaza chini kwa miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba wakazifunikia, mpaka mlima mzima unabaki na vishimo vishimo. Mzee Kapinga alichukua kilimo hicho cha mahindi na maharage akakifanya kitanda cha maua. Alichagua mteremko, maana baridi, alisema, hutiririka kama maji na kwenda kulala bondeni. Alichimba vishimo, akavitandika nyasi kavu, akazamisha vyungu mpaka shingoni, akashindilia nyasi nyingine pembeni. Alfajiri ungeona vichwa tu vya mawaridi vikichungulia kutoka ardhini, na mvuke mwembamba ukipanda kwenye zile nyasi. Nilikuwa nasimama pale na kikombe changu cha chai, nasahau hata kukinywa. Ilikuwa kana kwamba mteremko wote unapumua, na nilipenda kufika kazini mapema ili nisiukose.

Nikiri kwamba wengi wetu tulimwona mshamba. Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ninyi hamkuiona. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa. Zikaja sabuni za kunukia, zikaja redio, ikaja mitumba marobota kwa marobota, ikaja nailoni. Mara ya kwanza nailoni nyeupe ya kupima kwa mita ilipofika kitaluni, tuliigusa wote kama watu wanaogusa kitambaa cha harusi. Mkubwa wetu akasema ngolo sasa basi, huu ni wakati mpya. Jioni ile tukafunga kila chungu, tukakaza na kamba, majani yamebanwa humo ndani kama watoto waliofungwa mgongoni. Tukasimama kando tukajisifu. Asubuhi jua likatoka, tukaingia kwenye mkutano wa wafanyakazi, na mkutano, kama mjuavyo mikutano, ukafika mchana. Tuliporudi, nailoni zote zilikuwa zimelia machozi kwa ndani, na majani yameiva.

Mzee Kapinga alipita katikati ya safu zile na ndoo yake. Siku ya pili yake, tukiwa tunakula, akainua macho kwenye sahani yake.

"Mmechemsha mboga," akasema, akaendelea kula.

Nailoni si mbaya, msinielewe vibaya. Isiguse jani, ndiyo siri yake. Isimamishe juu ya vijiti kama chandarua, na jua likitoka tu, ifunue. Maji mwagilia asubuhi jua likishapanda, si jioni, maana ukimlaza mtu na miguu iliyolowa unategemea nini? Mbolea usitie. Matawi usikate. Kipupwe mmea umelala, na aliyelala haamshwi ale ugali. Na ukiona umebaki vijiti vitupu usiung'oe. Kwaruza gome kwa kucha, kidogo tu. Ukikuta rangi ya kijani chini yake, mtu yupo ndani ya nyumba.

Ruksa hiyohiyo iliyotuletea nailoni ndiyo iliyosema wafanyakazi tumezidi. Kitalu kikafungwa. Mzee Kapinga akarudi milimani na jembe lake begani, akaniaga kwa kunitazama tu vidole, kama anayekagua zana. Mimi nikaanza kitalu changu hapahapa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko huu, kwa makopo ya mafuta ya kula niliyookota na kutoboa kwa msumari. Moyo wangu ulikuwa mzito mno mwaka ule. Lakini miche haijui kama umepunguzwa kazi. Inataka maji yake tu.

Kipupwe kimoja katika miaka hiyo ndipo alipokuja Mwalimu Hadija. Alikuwa mtu wa Lindi, amehamishiwa huku kufundisha, mwanamke mrefu, mpole, aliyevaa masweta mawili moja juu ya jingine. Alikuwa amebeba kopo kifuani, amelikumbatia kwa mikono miwili, na ndani ya kopo kulikuwa na vijiti na majani machache ya kuhesabika.

"Dada yangu, nimeambiwa wewe unajua mambo haya," akasema. "Hii ni asumini ya mama. Isife. Nakuomba, isife."

Nikamwambia akae. Watu huja kitaluni na maua, lakini yule alikuja na jambo jingine, lilionekana machoni.

Mama yake aliitwa Bi Somoe. Maisha yake yote alikaa Lindi, kwenye nyumba yenye asumini dirishani, na sifa yake mtaani ilikuwa vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani ambavyo wanawake wa pwani hujipamba navyo kwenye shughuli zao. Bibi harusi wa mtaa ule hakutoka bila kikuba cha Bi Somoe. Kisha ndugu zake wakafa mmoja mmoja, nyumba ikaanguka upande, na Hadija, mtoto pekee, akaenda kumchukua. Bi Somoe alikata kitawi cha ile asumini, akakichipuza kwenye kopo, akakaa nalo mapajani njia nzima, Masasi, Tunduru, vumbi na mashimo, wakilala njiani. Alipoingia nyumbani kwa mwanawe aliliweka kopo chini akatamka neno ambalo Hadija alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake.

"Kasema hii ndiyo itakayomwambia kama nchi hii inamkubali," Mwalimu akanieleza. "Ikiishi, ataishi na mimi. Ikifa, nimrudishe Lindi akafie kwao. Sasa Lindi nimrudishe kwa nani, dada? Hakuna aliyebaki hata wa kumpa maji. Na yeye mwenyewe hali chakula. Kila asubuhi kichwa kinamgonga, chai haitaki, anatapika. Hospitali wamempima, malaria hakuna. Ni huzuni. Anakauka pamoja nayo."

Akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina nyingine inayofanana, tubadilishe bila mama kujua. Sikuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo, wanangu, mtu aliyelala na kushinda na mmea miaka yote anaujua kwa kuugusa tu gizani. Nikakwaruza gome kwa kucha. Kijani.

"Mtu yupo ndani," nikamwambia. "Iache kwangu. Ila nitafutie kitambaa kizito cha kulivika kopo."

Kesho yake akaleta koti. Ndilo hili. Alimnunulia mama yake kwenye mitumba, pamba tupu, zito, lenye bitana ya hariri, na Bi Somoe akaligoma kabisa. Kipindi kile watu wengi waliita nguo hizo kafa Ulaya, na yeye aliliamini jina kama lilivyo. "Mwenyewe kafa Ulaya," alisema, "mie nilivae ili nimfuate?" Basi akaendelea kukaa na kanga zake na shuka, anatetemeka, na koti likabaki limetundikwa msumarini. Nikalivika kopo, nikafunga mikono kwa mbele, nikachimba kishimo cha ngolo mahali jua la asubuhi linapofika kwanza, nikaitandikia asumini nyasi na kuizamisha na koti lake. Kola tu ndiyo iliyobaki juu. Majirani walianza kucheka siku ileile, kwa hiyo ninyi si wa kwanza.

Nilikuwa napita pale kila asubuhi. Baridi ilikuwa kali mwaka ule, ukungu ulikuwa haunyanyuki mpaka watoto wakae darasani, na sauti za watu barabarani zilinifikia bila watu wenyewe. Nilisimama na chai yangu kama zamani kitaluni. Wakati mwingine nilihisi Mzee Kapinga yupo nyuma yangu na ndoo, ana jibu la jambo ambalo bado sijauliza. Nilimkumbuka sana. Asubuhi moja nikainama, nikaona kwenye kifundo cha kijiti nukta ndogo ya kijani, kama punje ya mtama. Siku chache tena, zikawa nyingi.

Nikamwita Mwalimu. Akaja na Bi Somoe, kamshika mkono, bibi mwenyewe amejifunga shuka mpaka puani, uso wa rangi ya majivu.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kishimo. Alichuchumaa taratibu, akanyoosha kidole, akagusa kile kichipukizi. Nilingoja afurahi.

"Kumbe hainitaki mie," akasema. "Hapa nje, kwenye baridi ya watu, inachipua. Kwangu ilikuwa inapukutika. Na mie nimeitunza, wallahi, nimeitunza kuliko nafsi yangu."

"Hebu niambie ulivyoitunza, bibi," nikasema, kumliwaza tu.

Akaniambia. Kila jioni aliiingiza chumbani kwake akaiweka karibu na mchago wa kitanda. Alifunga dirisha, akaziba nyufa zote kwa matambara. Jiko la mkaa akaliweka katikati ya chumba lisizimike mpaka asubuhi, na juu ya makaa akatia udi na ubani ili asumini isikie harufu ya kwao isije ikajiona ugenini. Kisha akalala nayo, na hata ilipokuja kwangu jiko lilibaki, maana baridi ilimshinda.

Hadija alikuwa amesimama nyuma yake. "Mama," akasema, "jiko si ulikuwa unalitoa nje kabla ya kulala?"

"Nilikuwa nalitoa alfajiri, wewe hujaamka. Ungejua, ungeniruhusu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mlinzi wetu wa kitaluni, aliyekuwa akilala kwenye banda la miche na jiko lake, milango imefungwa. Miche ya banda lile ilipukutisha majani ambayo baridi haikuwa imeyaunguza hata ncha. Mzee Kapinga alimfukuza na jiko lake, na baada ya siku zake za kunyamaza akaniambia, "Moshi wa makaa huuoni. Jani linauona." Nami nilidhani alikuwa anazungumzia miche tu.

Wanangu, ninyi wazaliwa wa hapa mnajua. Kila kipupwe katika mji wetu huwa kuna nyumba inayobishwa hodi asubuhi na asiitikie mtu, na wakivunja mlango wanakuta jiko katikati ya chumba. Bi Somoe alikuwa mtu wa pwani, hakuwahi katika maisha yake kuhitaji moto wa kulalia. Aliujua moto wa kupikia na wa kufukizia tu. Kila asubuhi kichwa kilikuwa kinamgonga, na sote tuliita huzuni. Nikamwambia kwamba moshi ule huua, na sikumficha. Hadija akakaa chini kwenye nyasi kama aliyekatwa kamba.

Mkono wa Bi Somoe ulikuwa bado uko kwenye kichipukizi. Ukungu ulikuwa unanyanyuka, jua likamfika begani.

"Kwa hiyo majani yale," akasema mwisho, "yalikuwa yananiambia mie."

"Naona hivyo, bibi."

"Nami nikazidi kuyafukiza." Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha kifuani, kikakua, mpaka Hadija naye akacheka huku analia. "Ya Rabi, nimeipika asumini ya watu! Nimejipika na mie!" Kisha akalitazama lile koti shimoni, akapapasa bitana yake, akaingiza mkono mfukoni, akautuliza humo. "Lina joto," akasema kwa mshangao.

"Mama, nilikuambia."

"Hukuniambia. Ulininunulia." Akanigeukia. "Mwanangu, hii asumini ina shimo, ina nyasi, ina wewe. Mie nina nini? Ivue koti."

Nikaivua, nikaifunga gunia. Bi Somoe alikung'uta udongo, akalivaa koti juu ya shuka, akalifunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Usiku ule alilala na koti, dirisha liko wazi kidogo, jiko liko uani. Mwalimu alinisimulia kwamba asubuhi aliamka akaomba chai, na baada ya chai akaomba muhogo. Sijasahau namna alivyolitamka lile neno muhogo, kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto.

Joto liliporudi, mvua bado kunyesha, asumini ilifungua maua. Bi Somoe hakuwa na mrehani wa kutosha, akachanganya na majani ya bustani yangu, akashona kikuba cha kwanza cha Songea. Nilidhani atampa mwanawe. Alinibandika mimi kifuani, Mkristo wa watu, nami nikaenda nacho kanisani Jumapili, na kwaya nzima ikageuka kunusa. Tangu siku hiyo hakutaja tena kurudishwa Lindi. Aliishi hapa mpaka uzee wake ulipoisha wenyewe, kwa amani, na wajukuu miguuni. Kila kipupwe kilipoingia yeye na asumini walipeana zamu, mchana koti lake, usiku la asumini, na yeye akiwa ndani ya blanketi. Asumini nyingi mnazoziona kwenye nyua za mji huu ni vitawi vya ile ya kopo. Hata ninyi mmeziuza, hamkujua tu.

Bi Somoe alipofariki, Mwalimu Hadija aliniletea vyote viwili, koti limefuliwa na kopo lina mmea, nami mmea nikauhamishia kwenye chungu kile cha barazani. Mfukoni mwa koti nilikuta maua yaliyokauka, ameyaweka yeye mwenyewe sijui lini. Sikuyatoa. Mkisogeza pua mpaka leo mtayasikia, kwa mbali.

Sasa mmesikia. Mnaniuliza mbona leo chungu kiko uchi pale barazani, na koti nimelivaa mimi. Kwa sababu mwaka huu baridi imenifika kwenye mifupa, na mjukuu wangu jana usiku alitaka kuniwekea jiko chumbani, mtoto mwenye upendo, nikamwambia litoe, nipe koti. Nimelivaa, na lina joto, kama alivyosema Bi Somoe mwenyewe. Lakini asumini imebaki bila kitu, magoti yangu hayainami tena kuchimba, na ukungu ule pale umeshaanza kushuka. Jembe liko nyuma ya mlango. Kishimo kiwe kwenye mteremko, nyasi ziwe kavu, chungu kizame mpaka shingoni. Nani anaanza?